Mashine Yamkataa Mume wa Ndila

SEHEMU YA KUMI NA MOJA

Miaka saba!

Ndivyo printa ilivyosema, na ndivyo Shufaa Jabiri alivyosoma.

Wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sikiliza haraka, maana hakimu anasubiri. Shufaa ni mpiga chapa wa mahakama ya Ithaeni, kwenye barabara ya Kalamba. Kazi yake ni kumuuliza mshtakiwa maswali thelathini, kuingiza majibu kwenye kompyuta, na kutia sahihi karatasi inayotoka. Kompyuta ililetwa na wafadhili mwaka jana, 1992, kwa majaribio. Inapima kama mtu atarudia kosa, kisha inashauri adhabu. Watu wa Ithaeni wanaiita Bubu, kwa sababu inafunga watu bila kufungua mdomo.

Mshtakiwa ni Ndila, mwanamke wa Kalamba, mama wa watoto watatu. Alimkata mwanamume aitwaye Mwangangi vidole viwili kwa panga. Hakukana.

"Nilimkata," alisema kizimbani. "Alikuwa anang'oa mkonge wa mpaka wetu. Nilimwambia aache mara tatu, na mimi najua kuhesabu."

Mtu asiye na kosa la nyuma, aliyekiri, mwenye watoto wadogo. Shufaa alikuwa na hakika Bubu atampa kifungo cha nje, alale kwake.

Bubu akatema miaka saba.

Shufaa alipitisha kidole kwenye karatasi mstari kwa mstari mpaka swali la tisa. MUME: HAKUNA. Chini yake: BABA WA WATOTO: HAJULIKANI. Chini yake tena: MAKAO: SI YA KUDUMU. Kila mstari ulikuwa umemwongezea Ndila pointi za hatari.

Na nani aliandika "hakuna"? Shufaa mwenyewe. Siku ya maswali alimuuliza Ndila jina la mume, na Ndila akajibu bila kupepesa macho, "Syombua." Shufaa alicheka. Yeye ni wa Kitui mjini, mtoto wa Waislamu waliotoka pwani, lakini hata yeye alijua Syombua ni jina la kike. Akadhani mama wa watu amechanganyikiwa. Akaandika "hakuna", kisha akaenda kunywa chai.

Sasa alitoka mbio hadi uani. Kikongwe mmoja alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta, kikapu chake cha kiondo mapajani.

"Mwaitu," Shufaa alimwita mama kwa Kikamba, "wewe ndiye Syombua?"

"Ndimi."

"Ndila ni mkwe wako?"

"Mkwe atoke wapi? Sijazaa mtoto hata mmoja."

"Basi ni nani wako?"

"Ni mke wangu," Syombua alisema, kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi. "Mimi ndiye nilipeleka mbuzi za ntheo kwao Matiliku. Kwani ninyi wa Kitui mjini mnaoana bila mbuzi?"



Wakamba wanaonisoma hawahitaji kuelezwa. Wengine, elewa hivi. Mume wa Syombua, Kiilu, alikufa mwaka 1971 akaacha shamba lakini hakuacha mtoto. Nyumba isiyo na mtoto hufa, na shamba huenda kwa ndugu wa marehemu. Kwa hiyo mwaka 1983 Syombua akaoa. Ndiyo, akaoa, kama wajane wenzake walivyofanya kabla yake. Akatoa mbuzi, ndiyo ntheo inayofunga ndoa, wazee wakashuhudia, akamleta Ndila nyumbani. Mke wa namna hiyo huitwa iweto. Watoto anaozaa ni wa nyumba ile, na jina lao ni la Kiilu, na hakuna anayeuliza zaidi.

Isipokuwa Mwangangi, mtoto wa kaka yake Kiilu. Ndila akifungwa, nyumba itabaki na kikongwe wa miaka sabini na minne na watoto watatu. Mkonge wa mpaka utang'olewa wote kabla ya mvua.

Shufaa aliingia ofisini kwa Hakimu Muthama bila kubisha. Alimkuta anamenya ndizi.

"Mheshimiwa, kuna kosa kwenye karatasi ya Ndila."

"La mashine?"

"Langu."

"Afadhali. La mashine lingenipa kazi ya kuandika barua." Aliuma ndizi. "Kosa gani?"

Shufaa alieleza. Hakimu Muthama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akapaliwa.

"Iweto! Nyanya yangu mwenyewe alioa wawili. Najua mila hiyo tangu nikiwa nabebwa mgongoni."

"Basi unajua Ndila ana nyumba. Ana mume."

"Mimi najua. Mashine haijui. Nenda uiambie."

"Mheshimiwa, kwa nini usimwandikie hukumu wewe mwenyewe? Wewe ndiye hakimu."

Ndizi ilisimama hewani.

"Binti Jabiri, nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na mitatu. Nikimfunga mtu, mama yake ananilaani sokoni. Nikimwachilia, jirani anasema nimehongwa kuku. Tangu Bubu aje, hakuna aliyenitukana. Wote wanaitukana mashine, na mashine haina masikio. Unataka nirudi kutukanwa?"

"Nataka usimfunge mtu bure."

"Simfungi mimi." Alitupa ganda kwenye kikapu. "Una nusu saa. Mtafutie mume ambaye mashine itamkubali."

Nusu saa!

Katika chumba cha kompyuta alikuwapo Yakub, fundi wa wafadhili, kijana wa suruali iliyonyooshwa kwa pasi. Wasomaji wa siku nyingi mnamkumbuka: ndiye aliyepeleka posa nyumbani kwa kina Shufaa wiki tatu zilizopita, na mama Shufaa akaikubali kabla ya kumuuliza Shufaa.

"Jenereta ina mafuta ya saa moja," alisema. "Unafanya nini?"

"Naoza mtu."

Shufaa alifuta "hakuna" akaandika "Syombua". Bubu akauliza jinsia ya mume. Akaandika "mwanamke". Kioo kikameta: JIBU HALIKUBALIKI. Akajaribu tena. JIBU HALIKUBALIKI. Mara ya tatu Bubu alipiga mlio, akamrudisha swali la kwanza kama mwanafunzi mjinga.

"Andika huyo mzee aliyekufa," Yakub alisema. "Si mnasema watoto ni wake?"

Wazo zuri! Shufaa aliandika: MUME: KIILU. Jinsia: mwanamume. Bubu akakubali. Yu hai? Hapana. Alikufa lini? 1971. Bubu akakubali. Watoto walizaliwa lini? 1984, 1986, 1990. Taa nyekundu ya Bubu ikawaka na kuzima.

Printa ikaanza kukwaruza.

Yakub ndiye aliyeichana karatasi kutoka kwenye printa. Aliisoma, akapiga mluzi.

"Baba amekufa mwaka sabini na moja, mtoto amezaliwa themanini na nne. Mashine inasema mshtakiwa ni mwongo. Imeongeza pointi za kudanganya mahakama." Akamkabidhi. "Miaka tisa. Umemsaidia vizuri."

Miaka tisa! Dakika kumi zilizopita ilikuwa saba. Kila wema uliomtoka Shufaa ulimsogeza Ndila ndani zaidi. Aliiachia karatasi ikaanguka sakafuni, akakaa, akaanza fomu upya kutoka swali la kwanza.

MUME: YUPO. YU HAI. KAZI: FUNDI SEREMALA. MAKAO: YA KUDUMU. NDOA: MIAKA KUMI.

"Shufaa," Yakub alisema polepole. "Huyo ni nani?"

"Mume wa Ndila."

"Shufaa, hiyo ni jela."

"Basi toka nje usione."

Bubu akaomba jina kamili la mume na namba ya kitambulisho. Namba ya uongo Bubu angeikataa. Alikuwa amefundishwa kuhesabu tarakimu. Shufaa alijua kwa moyo namba ya mwanamume mmoja tu duniani, kwa sababu alimjazia fomu za pasipoti mara mbili. Kaka yake. Rashid Jabiri, seremala wa Kitui, ambaye hajawahi kukanyaga Kalamba.

Akaiandika.

Yakub aliinama, akaokota karatasi ya miaka tisa sakafuni, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Shufaa hakuona. Wewe umeona.

Printa ikakwaruza kwa mara ya mwisho. KIFUNGO CHA NJE, MIEZI KUMI NA MINANE. Shufaa alitia sahihi yake pale chini, chini ya maneno yasemayo kwamba majibu yote yametoka kinywani mwa mshtakiwa, akaipeleka kwenye faili mbio. Furaha ilimfanya asisome mstari wa mwisho.

Laiti angeusoma!

Saa tano kamili mahakama ilijaa. Ndila alisimama kizimbani miguu peku, kichwa juu. Mwangangi alikaa benchi la mbele, mkono wenye bandeji ameuinua kifuani ili kila anayeingia auone. Syombua alikuwa nyuma kabisa, amebanwa ukutani.

Hakimu Muthama alifungua faili, akasoma, nyusi zikapanda.

"Mashine imeshauri kifungo cha nje. Miezi kumi na minane."

Wanawake wa Kalamba walipiga vigelegele mpaka askari akapiga meza. Ndila alifumba macho. Mwangangi aliruka kutoka kwenye benchi.

"Kifungo cha nje? Na vidole vyangu?"

"Umebakiwa na vinane," alisema hakimu. "Keti."

Watu wakacheka. Shufaa naye alicheka, pale kwenye meza yake ndogo. Kicheko hicho kilidumu sekunde tano.

"Mshtakiwa," hakimu akaendelea kusoma, "atakuwa chini ya uangalizi wa mume wake, ambaye atasimama mbele ya mahakama leo hii na kutia sahihi. Mume huyo asipofika, adhabu hii imefutwa." Aliinua kichwa. "Afande, mwite mume."

Askari alitoka hadi mlangoni, akajaza kifua hewa.

"Rashid Jabiri!"

Aliita tena.

"Rashid Jabiri!"

Mbuzi alijibu kutoka sokoni.

"Rashid Jabiri!"

Ndila aligeuza shingo taratibu kumtafuta mume ambaye hakuwa anamjua. Watu nao wakageuka. Ndipo kule nyuma mtu mfupi alipoinuka, akaanza kupita katikati ya magoti ya watu na kiondo chake.

"Mume ni mimi," alisema Syombua.

Mahakama ilipasuka kwa kicheko.

"Wewe ndiye Rashid?" hakimu aliuliza.

"Mimi ni Syombua."

"Na ndevu umeziacha Kalamba?"

Kicheko kikazidi. Askari alishindwa kujizuia, kofia ikamwanguka. Hakimu Muthama, mjukuu wa nyanya aliyeoa wawili, alicheka kuliko wote.

"Mheshimiwa," Mwangangi alidakia, "mume gani huyu? Hata meno hana!"

Syombua alisimama pale pale alipofika. Hakupaza sauti.

"Meno sina. Mbuzi nilikuwa nazo. Siku ya ntheo ulikuja kula, Mwangangi. Ulikula paja zima ukalamba vidole, na siku hiyo vyote kumi ulikuwa navyo."

Kicheko kiligeuka upande. Sasa kilikuwa kinamlenga Mwangangi, na uso wake ukaiva.

"Muulize Ndila, huyo Rashid Jabiri ni nani!" alifoka. "Ndila ameolewa lini na Mwislamu? Muulize, Mheshimiwa!"

Hakimu aliangalia karatasi tena. Midomo yake ililitamka jina bila sauti. Jabiri. Kisha akageuza kichwa polepole mpaka macho yake yakatua kwenye meza ndogo ya mpiga chapa.

"Binti Jabiri. Una jamaa aitwaye Rashid?"

"Ninaye, Mheshimiwa."

"Ni nani wako?"

"Kaka yangu."

Watu walivuta pumzi. Ndila aliegemea ukingo wa kizimba, akamtazama Shufaa tangu kichwani hadi viatuni.

"Ni wewe uliyeniuliza yale maswali," alisema.

"Ni mimi."

"Nikakuambia mume wangu ni Syombua. Ukaandika nini?"

"Niliandika huna," alisema Shufaa.

"Sasa leo ninaye, ni kaka yako." Ndila alitikisa kichwa. "Kwanza umenifanya malaya, halafu umeniposea. Yote mawili umeyaandika, na hukuniuliza hata moja. Angalau ana sura nzuri?"

Hakuna aliyecheka. Ndila alitema mate sakafuni, na yakatua hatua moja kutoka kiatu cha Shufaa.

"Mheshimiwa!" Sauti ilitoka mlangoni. Ilikuwa ya Yakub. Alikuja mbele akitembea wima, mkono mfukoni, bila kumwangalia Shufaa. "Karatasi ya kweli ni hii. Ile aliyokupa ameighushi. Mimi nilimwonya. Naomba iandikwe kwamba nilimwonya."

Akaifungua karatasi ya miaka tisa mbele ya hakimu, akailainisha kwa kiganja.

Mchumba huyo! Na mama Shufaa alikuwa ameshaanza kuchagua kanga.

Hakimu Muthama aliisoma bila haraka. Uso wake ulirudi kuwa wa mtu aliyelala vizuri.

"Miaka tisa. Hii ina pointi za uongo, na uongo tumeuona wenyewe." Alimwita Shufaa kwa kidole. "Njoo hapa. Karatasi hii haina sahihi yako, na bila sahihi yako siwezi kuitumia. Hizo ndizo kanuni za mradi. Kwa hiyo nisikilize vizuri. Utasema, 'Naomba radhi kwa mahakama hii.' Utatia sahihi. Nitaandika kwamba ile nyingine ilikuwa makosa ya kupiga chapa, na saa sita utakwenda kula kama kawaida."

"Na nisiposema?"

"Miezi sita kwa kuidharau mahakama. Ya kughushi itafuata, na hiyo si ya miezi." Alishusha sauti, karibu kwa upole. "Una diploma, mwanangu. Una posa. Usijichome kwa ajili ya mwanamke aliyekutemea mate."

Mwangangi alijiegemeza nyuma kwenye benchi.

"Na watoto?" mwanamke mmoja wa Kalamba aliuliza kutoka nyuma. "Hao watoto watatu watakaa na nani?"

"Wana miguu," alijibu Mwangangi. "Shamba ni la ukoo. Waende kwa baba yao, kama mashine itampata."

Syombua bado alikuwa amesimama katikati ya chumba. Hakuna aliyemwambia aketi, na hakuna aliyempa nafasi.

"Afande," hakimu alisema, "mfunge pingu. Huenda zikamsaidia kufikiri."

Askari alikuwa na pingu moja tu, na upande mmoja ulikuwa tayari kwenye mkono wa Ndila. Alimvuta Shufaa hadi kizimbani, akambana upande wa pili. Chuma kilikuwa cha moto kutoka mkono wa mwenzake. Ndila alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Sema radhi, wewe," alinong'ona. "Mimi nitafungwa tu. Kwani unafaidika nini?"

"Nikitia sahihi, ni mimi nimekufunga."

"Na usipotia?"

"Itabidi aandike mwenyewe. Kwa mkono wake, kwa jina lake. Kalamba yote itajua ni Muthama."

Ndila alifikiri. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aletwe Ithaeni, alitabasamu, na halikuwa tabasamu zuri.

Hakimu aliona wanavyonong'ona. Alisogeza karatasi ya miaka tisa hadi ukingo wa meza.

"Binti Jabiri. Nasubiri."

"Mheshimiwa, nimetia sahihi karatasi mia moja arobaini na mbili katika chumba hiki," Shufaa alisema, na sauti yake ilifika hadi uani. "Sijui ni wangapi niliwaandikia 'hakuna' nikaenda kunywa chai. Wako ndani sasa hivi. Hiyo ya mia moja arobaini na tatu siitii sahihi. Unataka miaka tisa? Iandike wewe. Wewe ndiye mwenye nyanya aliyeoa."

Chumba kizima kilimgeukia hakimu. Hata Mwangangi. Hata Yakub.

Muthama alikunja uso. Miezi kumi na miwili hakuwa ameandika hukumu hata moja kwa mkono wake, na sasa watu mia walikuwa wanautazama mkono huo.

"Omba radhi!" alifoka, akapiga meza mpaka karatasi zikaruka.

"Hapana."

"Omba radhi, nasema!"

"Ndila nitamwomba, nikifika naye huko ndani," alisema Shufaa. "Wewe sikuombi. Leo sikuombi, na ukinitoa baada ya hiyo miezi sita ukaniuliza tena, sitakuomba."